Wote ni mwewe? Jibu kwa mfugaji wa Mafinga

*"Shikamoo mtaalamu. Nafuga kuku wa kienyeji nje kidogo ya Mafinga, na nyuma ya nyumba kuna shamba la milingoti (mikaratusi) la jirani. Tangu mwezi wa tisa nimepoteza vifaranga kumi na wanne na mitetea wawili. Vifaranga wanabebwa mchana kweupe. Mtetea wa kwanza nilimkuta saa nne asubuhi pembeni ya milingoti, kaliwa kifua, manyoya yametapakaa. Wa pili alifia bandani usiku, kichwa hakipo. Baba mkwe anasema mwewe ni mwewe, wote wezi. Mwanangu wa darasa la sita anabisha, anasema amehesabu aina nne: mkubwa wa kahawia mwenye mkia wa panda, mwingine mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mnene mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo ya umeme, na kadogo ka kijivu chenye macho mekundu. Jirani kanipa dawa, anasema nipake kwenye kifaranga aliyekufa nimuache uwanjani. Je, hawa ni ndege wa aina ngapi, mwizi ni yupi, na hiyo dawa niiweke?"*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Vifaranga kumi na wanne ni utotoaji mzima wa mtetea mmoja na zaidi, na mtetea anayetaga huwezi kumpata upya kwa mwezi mmoja.

Nianze na la dawa kwa sababu haliwezi kusubiri: usiiweke. Nitakueleza sababu huko chini, lakini kama umeshaipaka mahali popote, acha kusoma, nenda kavae mifuko ya plastiki mikononi, ukaondoe huo mzoga kabla mbwa au mtoto hajaufikia.

Sasa kuhusu mwanao. Mtoto huyo ana jicho. Alichokieleza kwa mistari miwili kinatosha kuwatambua ndege watatu bila wasiwasi, na wa nne tutamhitaji aangalie tena kidogo. Ni aina nne kweli, labda tano. Kati yao, mmoja ndiye anayebeba vifaranga wako, mwingine ndiye aliyemuua mtetea wa kwanza, na waliobaki wanakufanyia kazi ya kuua panya na mijusi bila malipo. Mtetea wa pili, yule wa usiku, hakuuawa na yeyote kati ya hao.

Baba mkwe hajakosea kwa lugha. Kiswahili chetu cha kila siku kinamwita mwewe karibu kila ndege mwenye kucha kali anayezunguka juu ya kuku. Tuna majina mengine, kipanga, kozi, kengewa, lakini ukitoka Iringa ukaenda Tanga utakuta jina lilelile limehamia kwa ndege mwingine. Kwa hiyo kwa kazi yetu ya leo jina lisikusumbue. Tumtambue ndege kwanza kwa umbo, jina litafuata.

Na ninaposema umbo, sisemi rangi. Watu wengi huanza na rangi na hapo ndipo wanapopotea. Ndege wa kuwinda hubadilika rangi kwa umri: kinda aliyetoka kiotoni mwaka huu mara nyingi ni wa kahawia, ana michirizi au madoadoa kifuani, hata kama baba yake ni mweusi tii mgongoni. Tena kwa ndege hawa jike ndiye mkubwa, na kwa vipanga tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba dume na jike wa jozi moja wanaweza kukudanganya kuwa ni aina mbili. Macho mekundu nayo hayatoshi, kwa sababu kwa ndege wako wanne, wawili wana macho mekundu wakikomaa. Tazama mabawa, tazama mkia, kisha tazama anavyotembea angani. Hivyo vitatu havibadiliki.

Tuanze na yule wa kahawia mwenye mkia wa panda. Huyu ndiye mwewe hasa, mwewe wa mdomo wa njano, na ndiye anayeonekana juu ya machinjio, juu ya magulio na juu ya moto wa mashambani. Mabawa yake ni marefu, yakinyooshwa yanakaribia mita moja na nusu, yamejikunja kidogo kwenye kiwiko. Mwili wenyewe ni mwepesi, chini ya kilo moja. Mkia wake una panda, lakini akiutandaza wote ile panda inapotea na unaonekana kama umekatwa kwa msumeno. Watu wengi hapo husema "huyu ni mwingine". Subiri. Angalia jinsi anavyouzungusha mkia, upande mmoja juu, upande mmoja chini, kama mtu anayeshika usukani. Hakuna ndege mwingine hapo kwako anayefanya hivyo muda wote. Mdomo wa njano ni wa mkubwa. Kinda wake ana mdomo mweusi, na kati ya mwezi wa kumi na wa tatu huja pia mwewe wageni kutoka Ulaya na Asia ambao mdomo wao ni mweusi hata wakiwa wazee. Kwa vifaranga wako wenyeji na wageni ni mamoja.

Nimewahi kukaa chini ya mwembe nikamtazama akifanya kazi hiyo. Alipita juu ya uwanja mara tatu, kila mara chini zaidi, kuku mwenyewe akiwa kainamia pumba. Mara ya nne alishuka kwa mteremko, miguu mbele, akamnyakua kifaranga wa mwisho nyuma ya mama yake bila kugusa ardhi, na kabla hajaufikia mti wa pili alikuwa ameshainamisha kichwa anamla angani, akimshika kwa kucha. Sekunde tatu hivi. Hivyo ndivyo vifaranga wako kumi na wanne walivyoondoka mmoja mmoja. Mwewe anataka uwanja wa wazi wa kushukia na kupandia. Haingii kwenye kichaka kwa sababu mabawa yake marefu yatanasa. Na miguu yake ni dhaifu ukilinganisha na mwili. Kifaranga wa wiki tatu anabeba vizuri. Mtetea wa kilo moja na nusu hawezi hata kumwinua.

Mwezi wa tisa uliotaja nao unaeleweka. Huo ni wakati mwewe wengi wana makinda kiotoni, na kiota chenye midomo miwili mitatu kinataka nyama kila siku.

Mtetea wa pembeni ya milingoti ana muuaji tofauti. Mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na mwanao akiangalia vizuri ataona weusi mwingine ubavuni karibu na mapaja. Huyu ni kipanga mkubwa mweusi, ambaye vitabu vya zamani vinamwita *Accipiter melanoleucus* na vya karibuni vimemhamishia kundi la *Astur*. Ndiye mkubwa kuliko vipanga wote wa misitu yetu. Dume ana uzito wa nusu kilo hivi, jike anaweza kukaribia kilo nzima, na kwa jike huyo hata kuku mkubwa hayuko salama.

Mlinganishe na mwewe uone walivyoumbwa kwa kazi tofauti. Mwewe ana mabawa marefu ya kuelea; kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu ulionyooka. Mabawa mafupi yanapita kati ya matawi bila kugonga, na mkia mrefu unamwezesha kukata kona ghafla. Kwa hiyo hutamwona akizunguka juu ya uwanja kwa nusu saa akikupa muda wa kukimbilia fimbo. Yeye hukaa kimya ndani ya milingoti, akiwatazama. Anatoka kama jiwe la manati, chini chini, na kuku hajui kitu mpaka amefika. Windo lake kubwa la kawaida ni njiwa na tetere, lakini kuku anayechakura mita kumi kutoka msituni kwake ni njiwa mnene asiyeweza kuruka.

Kwa nini yuko hapo kwako? Kwa sababu ya milingoti yenyewe. Ni ndege wa msitu, anajenga kiota cha vijiti juu kabisa kwenye panda la mti mrefu, na mashamba ya milingoti na misindano yamempa miti mirefu mahali ambapo zamani palikuwa nyasi tupu. Hata Afrika Kusini, kule rasi ya Cape, ameenea kwa kufuata miti hiyohiyo ya kupandwa. Si mgeni, ni mwenyeji wa Afrika aliyepata nyumba mpya iliyojengwa na sisi wenyewe.

Ushahidi ulionipa unamwelekea yeye. Manyoya yaliyotapakaa mduara mahali pamoja ni kazi ya ndege: humkanyaga windo, akamnyonyoa kwanza, ndipo akaanza kula, na huanzia kifuani kwenye nyama nyingi. Kama bado hujayafagia, okota unyoya mmoja mkubwa uutazame shinani. Ukiwa mzima hadi kwenye ncha, umeng'olewa na ndege. Ukiwa umekatwa au kutafunwa, na una mate yaliyokauka, huyo alikuwa mnyama mwenye meno.

Wa tatu, mnene mwenye mkia mwekundu juu ya nguzo, nakuomba umwache kabisa. Anaitwa *Buteo augur*, ni ndege wa nyanda za juu, na ukitoka Mafinga kuelekea Njombe utamhesabu nguzo kwa nguzo. Mabawa mapana, mkia mfupi wa rangi ya matofali, tumbo jeupe, ingawa wapo weusi tumboni na ni aina hiyohiyo. Kinda wake hana mkia mwekundu, ni wa kahawia, na wengi humdhania mwewe. Mtofautishe kwa mkia mfupi wa duara usio na panda. Anachokitafuta juu ya nguzo ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Sitakudanganya kwamba hajawahi kugusa kifaranga. Akimkuta peke yake pa wazi anaweza kumchukua. Lakini kwa mkulima wa mahindi na viazi, panya na fuko anaowaua kwa mwaka ni hasara kubwa anayokuokoa.

Kadogo ka kijivu ndiko nisikokuwa na hakika nako, kwa hiyo mpe mwanao kazi hii. Kama kifua kina mistari myembamba ya rangi ya kutu, na ndege anakaa ndani ya mti halafu anachomoka kwa kasi, ni kipanga mdogo, shikra, mwenye ukubwa wa njiwa. Chakula chake kikubwa ni mijusi, panzi na ndege wadogo. Kifaranga wa siku mbili tatu anaweza kumjaribu, akishakua kidogo hamwezi. Lakini kama kifua ni cheupe bila mstari hata mmoja, mabegani kuna baka jeusi, na anasimama angani palepale akipiga mabawa juu ya shamba, basi ni mwewe mabega-meusi. Huyo ni muuaji wa panya na karibu hana kazi nyingine. Ukimwona kwako, shukuru.

Turudi kwenye banda. Mwewe, kipanga, wote hawa wanawinda mchana. Giza likiingia wamelala kama kuku wako. Mtetea aliyekatwa kichwa ndani ya banda usiku aliingiliwa na mnyama: kicheche au kanu, wakati mwingine paka aliyegeuka mwitu. Hao wanapita kwenye tundu ambalo wewe unaliona la panya. Zunguka banda ukiwa umechuchumaa, na pale ngumi yako inapopita, au hata vidole vinne tu, ziba kwa wavu mgumu wa chuma. Wavu mwepesi wa kuku mnyama anaweza kuupasua au kuvuta kichwa cha kuku kupitia matundu yake.

Sasa la dawa, na hapa sitakwepa. Fikiria nani atakayeugusa ule mzoga. Kipanga mkubwa mweusi, aliyekuulia mtetea, anakula alichokiua mwenyewe kikiwa cha moto. Mzoga uwanjani hana haja nao. Mkia mwekundu anatafuta panya anayetembea. Atakayekuja ni mwewe, kunguru, mbwa wako, paka wa jirani, na kuku wako wenyewe, maana kuku hupenda funza wa kwenye mzoga kuliko pumba. Sumu nyingi za wadudu zinazotumika kwa mchezo huu, ile ya chembechembe za zambarau ikiwamo, haziishii kwa aliyekula kwanza. Anayemla aliyekufa naye anaweza kufa. Hivyo ndivyo tai wengi wa Afrika Mashariki wanavyomalizwa. Na mtoto akishika kwa mkono kisha akala embe, hilo sitaki hata kulimalizia. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, na atakayeulizwa ni wewe mwenye uwanja.

Hata risasi au manati havikusaidii kama unavyodhani. Jozi ya vipanga ina eneo lake na inawafukuza wengine. Ukiua mmoja, nafasi imebaki wazi, na vijana wasio na eneo wanazunguka wakiitafuta. Baada ya muda utakuwa na mwingine palepale, asiyejua chochote kuhusu fimbo yako.

Kinachofanya kazi ni cha kuchosha kidogo, lakini kinafanya kazi. Vifaranga wasitoke wazi kabla ya wiki nane. Tengeneza kizimba cha mbao na wavu, kisicho na chini, cha kuhamishika, mama na wanawe wakae humo wakichakura majani mapya kila siku; tenga kubwa linafaa kwa wiki ya kwanza. Hilo peke yake lingekuokolea wengi kati ya wale kumi na wanne. Utumbo na vichwa vya samaki vizikwe, visitupwe uwanjani, kwa sababu mwewe hufuata mabaki kwanza na vifaranga anawagundua akiwa ameshafika. Kwa kuku wakubwa, hamisha mahali pa kumwagia chakula. Ulikuwa unalisha upande wa milingoti? Lishia upande wa pili wa nyumba, karibu na jiko, mahali penye watu. Na panda vichaka vifupi vya kujifichia, hata matuta ya matembele au safu ya mabingobingo. Kuku akiwa na mahali pa kujichomeka hatua tatu kutoka alipo, kipanga hukosa mara nyingi kuliko anavyopata.

Sanamu za kutisha na sidii zinazong'aa zinasaidia siku chache, kisha ndege anazoea. Ukizitumia, zihamishe kila baada ya siku mbili. Wafugaji wengine huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi na wanaapa kwamba mwewe huwaogopa. Simbishii aliyeona faida, ila singeweka mategemeo yangu yote hapo wakati wavu upo.

Na msikilize jogoo. Kuku wana sauti mbili tofauti za hatari, na hili limechunguzwa na wataalamu miaka mingi. Akiona mnyama wa ardhini, mbwa au nguchiro, hulia kwa kukatakata, ko-ko-ko-kodaa, akiwa amesimama wima. Akiona kitu angani, hutoa mlio mmoja mrefu mwembamba na vifaranga wote hujilaza au kukimbilia chini ya kitu. Mkiujua mlio huo, aliye jikoni anatoka kabla mwewe hajapita mara ya pili. Jogoo mzee aliyenusurika mara nyingi usimchinje kwa haraka. Macho yake yana thamani.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Vifaranga wakifa bila jeraha, wakiwa wamezubaa na shingo kupinda, hilo si la ndege wa kuwinda, huenda ni ugonjwa wa kideri. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Ukikuta ndege mkubwa amekufa na kucha zimekunjwa ngumi, au mbwa anatoka povu, usiguse kwa mikono mitupu, mwite afisa wanyamapori wa wilaya na uwaambie majirani wafunge mifugo. Ukimkuta kipanga hai ameumia bawa, mfunike kwa kitenge kizito, mweke kwenye boksi la giza lenye matundu, usimlishe wala kumnywesha kwa nguvu, mpigie afisa huyohuyo. Jihadhari na miguu yake, mdomo hauna madhara makubwa. Na mtu yeyote aliyeshika ile dawa akipata kizunguzungu, kutapika au mate mengi, ni hospitali moja kwa moja, na pakiti ya dawa mwende nayo.

Ile uliyobaki nayo usiimwage chooni wala mtoni. Ifunge kwenye chupa yenye kifuniko, iandike SUMU, iweke juu mtoto asipofika, umkabidhi afisa kilimo wa kata.

Mwanao mwambie nasubiri jibu lake kuhusu kile kifua: kina mistari au hakina. Akipata nafasi, ajipitishe pia chini ya milingoti jioni, atafute mahali penye kinyesi cheupe kama chokaa na manyoya ya njiwa yaliyorundikana. Akiona, ainue macho taratibu. Kiota kitakuwa juu yake. Asipande, ahesabu tu makinda.